Sluu beringi au sluu draivu? Nimetumia zote, moja ilinilia hela kwa ujinga wangu

Mi nina kikarakana Vingunguti, tunachomelea matanki, mageti na fremu za mabanda, na nina Fuso yenye winchi ndogo ya kupakia vyuma. Naandika hii sababu kila nikikaa na mafundi lazima mmoja aniulize, akitaka mkono wa winchi uzunguke, achukue sluu beringi, yaani ringi tupu, au sluu draivu, ile ya boksi yenye mota yake, na mi nimeshaumia kwenye ya kwanza nikapumua kidogo kwenye ya pili, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Sluu beringi ni ringi mbili kubwa moja ndani ya nyingine, katikati gololi au rola, na mara nyingi meno yamechongwa kwa nje au kwa ndani. Inabeba uzito wa kushuka, wa kusukuma pembeni na ule wa kutaka kupindua mashine, vyote kwa mpigo, ndo maana unaikuta chini ya kibanda cha ekskaveta. Ila yenyewe haijizungushi, lazima uitafutie pinioni (gia ndogo ya kusukuma meno ya ringi), giaboksi, mota na breki. Sluu draivu ni beringi hiyohiyo wameifungia kwenye boksi na skrubu nene inayoitwa womu, womu inasukuma meno ya ringi, mota inafungwa ubavuni, basi, unafunga bolti unaunga hozi za haidroliki kazi imeanza.

Sasa mkasa. Winchi ya Fuso ilianza kucheza, ukiinua mzigo mkono wa winchi unadondoka kidogo ndo unatulia, beringi imeisha. Nikazunguka mjini nikapata ringi iliyotumika, meno mazuri, bei chee kabisa, nikajiona mjanja kuliko wote Dar nzima. Kitako cha kukalishia ringi nikachomelea mwenyewe, sahani ya milimita 20, nikaweka ringi juu, tukakaza bolti kwa bomba refu mpaka jasho. Kuizungusha kwa mkono, mahali pengine inateleza, mahali pengine nzito kama imeshikwa na mtu, fundi wangu akasema bosi hiyo itajizoeza yenyewe.

Haikujizoeza jamani. Welding inapinda sahani hata kama macho yako yanaona imenyooka, na ringi hata ukiiona nene namna gani inafuata umbo la kitu kilicho chini yake, ukikaza bolti na yenyewe inajikunja, upande huu gololi zimebanwa upande ule zinaelea. Kitako kinatakiwa kichomelewe kwanza kimalizike, KISHA kipitishwe kwenye mashine ya kukerezea kisawazishwe. Mi nilifanya nusu ya kwanza tu.

Na kosa lingine ambalo hakuna aliyeniambia, kwenye ringi kuna herufi S imegongwa. Mi nikadhani ni saizi! Kumbe njia ya gololi inapigwa moto iwe ngumu, na pale moto ulipoanzia na kuishia panabaki kipande laini, ndo hiyo S. Inatakiwa ikae pembeni, nyuzi 90 kutoka upande unaobeba mzigo mkubwa. Ringi yangu inayozunguka na mkono nimeiweka S chini ya mkono kabisa, yaani pale palipo dhaifu ndo nimepabebesha kila nondo iliyoinuliwa kwa miezi minne. Siku tunaifungua grisi imetoka na vichuma vinametameta kama pambo la harusi.

Ukipiga hesabu sasa, ringi ilikuwa bei chee kweli, ila weka kitako kipya na foleni ya mashine ya kukerezea, maana zinazomeza kipenyo kama kile si nyingi hapa mjini, weka pinioni ya kuchongesha, weka bolti mpya za daraja la 10.9, zile ngumu (za zamani usirudishie, zimeshavutika), weka na siku ambazo Fuso imelala na mteja wa Mbagala ananitukana kwa simu. Bei ya ringi siyo bei ya kuzungusha, hapo ndo wengi tunapigwa, tena tunajipiga wenyewe.

Mwaka uliofuata nikataka mkono wa kunyanyulia ndani ya karakana, wa kutoa vyuma kwenye lori na kuweka mezani, nikasema hapana, safari hii nachukua draivu. Nikaagiza China kupitia wakala, ikaja kwenye kontena la kuchanganya, saizi ya inchi 9, uwiano 61 kwa 1, maana yake mota inazunguka mara 61 mkono ndo unamaliza duara moja. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya ringi mpya ya saizi hiyo, roho iliuma sitakudanganya.

Muuzaji alikuwa ananisifia namba moja kubwa kwenye karatasi ya vipimo vya draivu, nusura nimwamini. Kwenye ile karatasi kuna namba tatu zinazofanana fanana: nguvu ya kuzungusha, nguvu ya kushikilia isirudi nyuma, na nguvu ya kuhimili kupinduliwa. Ya kupinduliwa ndo inaamua winchi yako itasimama au italala. Mi mzigo wangu kilo 500 kwenye mita 3, hiyo ni 1,500, mkono wenyewe kilo 120 uzito wake uko katikati kwenye mita 1.5, hiyo 180, jumla kilo-mita 1,680, kwa kipimo cha kwenye karatasi kama kilonyuton-mita 16 na nusu, nikazidisha mara moja na nusu kwa usalama ikawa kama 25, na draivu yangu imeandikwa zaidi ya 30. Hapo nikalipa.

Kuifunga ilichukua siku moja. Kitako safari hii kilipitishwa kwenye mashine, maana usidanganyike kwamba boksi linasamehe kitako kibovu, halisamehi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba ukiachia lever mkono unabaki palepale, womu inashika yenyewe bila breki, na vumbi la grinda haliingii kwenye meno. Ile kazi ya kupima nafasi kati ya pinioni na ringi, kutafuta jino lililobana kuliko yote ndo uanzie hapo, haipo tena.

Ubaya wake, iko taratibu. Vijana wanalalamika mpaka mkono uzunguke mtu kashakunywa chai. Na womu inasugua, haibingiriki, kwa hiyo nguvu nyingi ya mota inaishia kuwa joto, ukiizungusha mfululizo kutwa nzima boksi linachemka hushiki. Kwa kazi ya kuinua, kuzungusha, kushusha, kupumzika, iko vizuri. Kwa ekskaveta au kitu cha kuzunguka haraka bila kupumzika chukua beringi na giaboksi yake. Tena jamaa yangu wa Kigamboni aliweka draivu kwenye winchi ya lori bila pini ya kufungia mkono, njiani mkono unatikisika kila shimo, mtikisiko wote unaishia kwenye meno ya womu, sasa hivi yake imelegea, inacheza mpaka unaona kwa macho. Womu ikishaliwa fundi wa mtaani hana la kufanya, pinioni angalau unachongesha nyingine.

Kwa hiyo kwenye Fuso nimerudisha beringi, mpya safari hii, S iko pembeni, bolti tulikaza kwa torki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kurukia upande wa pili kama unavyofunga tairi, na baada ya kama saa 100 za kazi tukazipitia tena. Na draivu nayo hivyohivyo, bolti ni bolti. Jumamosi kijana anapiga grisi huku mwenzake anazungusha pole pole, maana ukipiga imesimama inajaa sehemu moja tu.

Draivu naipa nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya mwendo. Beringi mpya nne pia. Ile ya bei chee niliipima kwenye mizani ya chuma chakavu, nikapata hela ya chakula cha mchana cha vijana na soda.