Usinunue barakoa ya CPAP ukiwa umekaa kitini

Barakoa yangu ya kwanza ya CPAP, ile mashine inayopuliza hewa usiku ili koo lisizibe ukiwa umelala, nilivalishwa nikiwa nimekaa kitini, mgongo wima, macho mbele kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Muuzaji akakaza mikanda, akauliza, "Inabana?" Nikasema haibani, nikalipa. Usiku huo nilipogeukia ubavu, hewa ilichomoka pembeni mwa pua ikanipuliza jichoni hadi alfajiri. Niliamka macho mekundu na koo limekauka. Mume wangu akaniambia nimekoroma vilevile, na safari hii mluzi wa barakoa umeongezeka juu yake.

Mtu akishapimwa na kuambiwa ana apnia ya usingizi, yaani koo linaziba na pumzi inakatika au kupungua kwa sekunde 10 au zaidi, mara 5 au zaidi kila saa, huanza kulinganisha mashine: ipi haina kelele, ipi ina skrini nzuri, ipi inaungana na simu. Hayo siyagusi. Mashine nyingi za kujirekebisha hupuliza shinikizo la kati ya sentimita 4 na 20 za maji, na kazi zinaifanya. Kinachowafanya watu wengi waisukumie mashine chini ya kitanda ni barakoa inayovuja.

Sisemi ile hewa inayotoka kwenye vitundu vya mbele. Hiyo imewekwa makusudi ili usivute tena hewa uliyoitoa. Nasema ile inayopenya kati ya mpira na ngozi. Ukilala, nyama za mashavu hushuka, mto husukuma bomba, taya hulegea. Barakoa iliyotulia kwenye shinikizo la 6 inaweza kuachia kwenye 12. Ukikaza mikanda unazidisha tatizo, kwa sababu mpira wa silikoni unatakiwa kujaa hewa na kuukumbatia uso. Ukiubana unakunjamana, na asubuhi una kidonda juu ya pua. Kwenye mashine za kampuni ya ResMed mpaka wa uvujaji ni lita 24 kwa dakika. Tazama namba hiyo kila asubuhi kabla ya namba nyingine yoyote.

Kwa hiyo dai ulale. Ulale chali, kisha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, mashine ikipuliza shinikizo lako halisi, dakika kumi nzima. Mashine za AirSense za ResMed zina jaribio la barakoa lililowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Muuzaji akisema hana pa kukulaza, ondoka.

Namba moja kwangu ni AirFit P10 ya ResMed, na upendeleo wangu siufichi. Ni vijipira viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Mfupa wa pua hauguswi, jicho halipulizwi, na ukigeuka inageuka nawe. Mikanda yake hulegea mapema kuliko ninavyopenda, lakini naisamehe.

Ya pili ni AirFit N20, inayofunika pua yote. Inawafaa wanaochubuliwa na vijipira. Vishikizo vyake vya kawaida vina sumaku, kwa hiyo mwenye kifaa cha moyo au kipandikizi kinachoathiriwa na sumaku mwilini, au anayelala naye akiwa nacho, asiitumie; aongee na daktari juu ya barakoa nyingine.

Ya tatu ni Vitera ya Fisher & Paykel, ya pua na mdomo, kwa anayelala mdomo wazi. Mpira wake hujiviringisha juu ya mfupa wa pua taya linaposogea, na hapo inazipita nyingi za aina yake. Lakini kadiri mpira unavyozunguka sehemu kubwa ya uso, ndivyo hewa inavyopata pa kupenyea. Kama unapumua kwa mdomo kwa sababu pua imeziba, tibu pua kwanza.

Vibanio vya pua, mikanda ya kidevu na dawa za kupuliza kooni haviponyi apnia. Vikipunguza sauti, pumzi inaendelea kukatika kimyakimya. Kifaa cha kusogeza taya mbele ni habari nyingine, ila kitengenezwe na daktari wa meno kwa kipimo cha meno yako.

Sasa wauzaji. Wanakuuzia boksi lililofungwa, halafu ukilirudisha wanakataa kwa sababu ya usafi. Mimi niliambiwa mpira peke yake hauuzwi, ninunue seti nzima, na baadaye nikakuta mtengenezaji anauuza peke yake kwa saizi zote. Wapo pia wanaouza mashine zilizotumika bila kutaja kwamba Juni 2021 Philips ilirudisha mamilioni ya vifaa vyake kwa sababu sifongo ya kupunguza kelele ilikuwa ikimomonyoka ndani. Omba namba ya mashine uikague kabla ya kutoa pesa.

Ile barakoa ya kwanza bado iko kwenye droo. Mpira wake ni saizi kubwa, na uso wangu ni wa saizi ndogo. Nililigundua hilo kwa karatasi ya kupimia pua ambayo mtengenezaji huitoa bure, na ambayo muuzaji hakunionyesha.