Uzoefu wangu wa kuuza Suzuki Swift Sport ya mwaka 2007 hapa Unguja

Gari nililoliuza ni Suzuki Swift Sport ya mwaka 2007 yenye milango mitano, gia tano za mkono na injini ya M16A ya lita 1.6, ambayo ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 125. Nimeliendesha kwa miaka mingi kati ya Kiembesamaki na mjini, na hadi leo naamini kwamba magari madogo ya Kijapani yanayomtii dereva namna ile ni machache. Hata hivyo, kuliuza kuna taratibu zake tofauti na kuuza Vitz au IST, na ningependa wenzangu walifahamu hilo kabla ya kumkabidhi dalali ufunguo.

Wanunuzi wengi wa hapa hutafuta gari la otomatiki, laini, ambalo familia nzima inaweza kuliendesha au ambalo linaweza kukodishwa kwa watalii. Gari la gia za mkono, lenye springi ngumu na tairi za inchi 16 zenye ubavu mfupi, haliwavutii, na ndiyo maana dalali hulipima kwa bei ya Swift ya kawaida kisha akakuhimiza ushushe. Dalali niliyeanza naye alinitaka pia nizibe kwa puti kutu iliyoota chini ya milango, nipige rangi upya na nioshe injini. Nilikataa, na ningekataa tena. Kutu ya hewa ya bahari huendelea kula bati chini ya puti, na mnunuzi anayejua magari huja na sumaku mfukoni, maana sumaku hainati penye puti. Injini iliyooshwa siku ya mauzo nayo humtia shaka, kwa sababu humfutia dalili za mahali oili inapovuja.

Badala yake nilimwomba fundi wangu alinyanyue gari, nikapiga picha za kutu yote, kisha nikaandika katika tangazo kwamba klachi imekaribia kuisha, kwamba bushi za mbele zinahitaji kubadilishwa na kwamba shokapu za nyuma ni mpya. Niliambatanisha risiti za oili. Hizo ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko kitu chochote, kwa kuwa M16A hutumia mnyororo wa taiming (unaoziendesha vali za injini kwa wakati wake), si mkanda, na mnyororo huo huishi muda mrefu iwapo tu oili hubadilishwa kwa wakati. Oili ikipuuzwa, mnyororo hulegea na kuanza kugonga pale injini inapowashwa asubuhi.

Aliyelinunua ni kijana wa Chake Chake, ambaye usiku wa kuamkia siku ya kuja alinipigia simu: "Shikamoo ami, nakuomba usiiwashe gari mpaka nifike." Alipofika aliweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi, akafungua kifuniko cha oili na kukiangalia upande wa ndani, kisha akaniomba niwashe huku yeye ameinama kwenye injini akisikiliza. Nilifurahi mno kumwona mtu anayelijua gari lile kiasi hicho. Tuliliendesha hadi msitu wa Jozani, ambako matuta yaliyowekwa kuwalinda kima punju yanatosha kabisa kufichua shokapu mbovu, na aliporudi hakuwa na la kubishia isipokuwa klachi.

Tulikubaliana milioni 9, baada ya kutoa gharama ya klachi mpya, na bei hiyo ilizidi ile niliyoelezwa na dalali. Ningempa dalali kazi ya kuuza Vitz bila wasiwasi wowote, lakini gari la aina hii linahitaji mmiliki mwenyewe azungumze na mnunuzi, kwa sababu maswali yanayoulizwa dalali hawezi kuyajibu.

Mkataba wa mauziano tuliutia saini mbele ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), kila mmoja akabaki na nakala yenye namba ya chesisi na ya injini. Kadi ya gari na ufunguo wa akiba nilivikabidhi baada ya fedha kuingia benki, na tukaanza kuhamisha umiliki siku ileile, kabla gari halijapakiwa melini kwenda Pemba, ili kosa lolote la barabarani baada ya hapo lisiandikwe kwa jina langu.