Amala ya Yaba na siasa za bure mezani: nyota nne, moja nimekata kwa makusudi

Kila mtu anayekuja Lagos kikazi ananiuliza ale wapi, nikimwambia buka, kibanda cha chakula cha mtaani, anashtuka, af jioni namkuta kwenye mgahawa wa kiyoyozi anakula kuku na chipsi na bili imemtoa macho. Sasa naandika mara moja ili nisiulizwe tena. Buka ninayoisemea iko Yaba, ukitoka barabara ya Herbert Macaulay unaingia uchochoro wa mafundi simu, haina kibao wala jina, we fata harufu, au fata madereva wa danfo, daladala za Lagos, maana dereva wa danfo hali pabaya hata siku moja. Ni mabati, mabenchi, meza ndefu zilizotandikwa nailoni na feni moja ya ukutani inayozunguka umeme ukiwepo. Yaani ni mama ntilie kabisa, sema wa Kinaijeria.

Cha kwenda kula pale ni amala. Kwa asiyeijua, ni ugali wa unga wa viazi vikuu vilivyokaushwa, rangi yake kahawia inayoelekea weusi, na najua wengi mnaikataa kwa macho kabla haijafika mdomoni. Ni laini kuliko ugali wa mahindi, haitafunwi, unamega unachovya unameza. Juu wanakumwagia vitu vitatu kwenye bakuli moja, kuna gbegiri ambayo ni kunde zimemenywa zikapikwa mpaka zikavurugika zikawa mchuzi wa njano, kuna ewedu ambayo ni mlenda, huu huu mlenda tunaoujua, na kuna mchuzi mwekundu wa pilipili ambao ndo umekaa na nyama. Vikichanganyika wanaita abula. Aliyelelewa kwa mlenda hatapata shida, sema kijiko asitegemee, ni mkono na bakuli la maji la kunawa linazunguka meza nzima. Pilipili ya pale si ya kuonjea, mi nilitoka machozi na bado naenda.

Nyama chukua shaki, utumbo wao wanausafisha vizuri sana hauna ile harufu, au ponmo, ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka ikalegea. Ponmo ina historia yake kisiasa, msicheke. Mwaka 2022 mkuu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa ngozi iliyoko Zaria alitoka hadharani akasema itungwe sheria watu waache kula ngozi ili ziende viwandani, wazee wa pale mezani mpaka leo wanalo hilo. Mmoja alisema nyama wameshatunyang'anya kwa bei, sasa wamebakiza ngozi na yenyewe wanaitolea macho.

Sasa kitu ambacho mgeni lazima akijue kabla ya kupanga foleni. Pale huagizi sahani, unaagiza kwa hela. Unafika mbele ya sufuria, dada ameshika bakuli dogo la kuchotea, anakuuliza ya shilingi ngapi, yaani naira ngapi, unasema amala ya 800, shaki mbili, ponmo moja, anachota anaangusha. Ukisema nipe sahani moja ya kawaida anakuangalia tu na foleni nyuma inaanza kuguna. Na hapo ndo unaona uchumi wa Nigeria bila kusoma gazeti, kwa sababu bei ikipanda mama hasemi nimepandisha, anabadilisha lile bakuli. Nilipoanza kula pale lilikuwa la plastiki la bluu, baadaye likaja la chuma dogo kidogo, sasa hivi kuna kitu ambacho mi naona ni kifuniko cha chupa ya chai. Wenyeji wanakumbuka donge la naira 100 ambalo lilishibisha. Leo mtu mzima mwenye njaa akitaka kuondoka ameshiba, na nyama yake na maji ya pakiti, elfu 3 haikwepeki. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa Julai 2024 kikawa naira 70,000 kwa mwezi, we piga siku 22 za kazi mara elfu 3 inakuja 66,000, inabaki elfu 4 ya nauli, kodi, ada na matibabu. Hesabu hiyo sikuifanya mimi, aliifanya kijana mmoja wa tai, wale wa kaunta za benki, kwa kidole kwenye nailoni ya meza iliyomwagikiwa mchuzi, na hakuna aliyebisha.

Nampa mama nne kwa tano bila kusita. Iyan, ya viazi vikuu vya kutwanga, ni nzuri pia ila inaisha mapema, na wali wake wa jollof msipoteze hela, umekauka na una chumvi.

Nyota niliyokata ni ya huduma, na hasa kulipa. Tangu ule mwanzo wa 2023 Benki Kuu ilipoondoa noti za zamani za 200, 500 na 1,000 watu wakakosa keshi kabisa, mpaka Mahakama ya Juu ikaingilia Machi ikasema noti za zamani ziendelee kutumika, watu walizoea kutuma kwa simu, na mazoea hayajaisha. Lakini na matapeli nao wamezoea, kuna watu wanaonyesha ujumbe wa malipo wa uongo wanakula wanaondoka. Kwaiyo mama haamini simu yako, anaamini yake. Umeshatuma, hela imeshakatwa, unamwonyesha, anakwambia kastoma wangu kaa kwanza. Unakaa. Mtandao wa benki umelala, simu yake kimya, nyuma yako kuna wengine watano wamekaa kama watuhumiwa na mikono inanuka ewedu. Siku moja nimekaa pale hadi nikachelewa kikao, hela ikaingia kwake jioni. Simlaumu sana, ameshaibiwa, lakini nyota sirudishi. Bebeni noti ndogo ndogo, na ukitoa ya elfu kwa kitu cha mia tatu chenji utapewa kwa pipi au utaambiwa uje kesho.

Haya sasa siasa, ambazo ndo zinanirudisha pale hata siku nikiwa sina hamu ya amala. Meza ni ndefu, unakaa ulipopata nafasi na usiyemjua, na mtu akishameza tonge la tatu anaanza. Inaanzia kwenye bei yoyote ile. Umeme ukikatika feni ikasimama, mtu anasema NEPA hao, shirika la umeme lenye jina hilo lilishabadilishwa jina 2005 na mali zake zikauzwa kwa makampuni binafsi 2013 ila watu bado wanalitukana kwa jina lile lile. Kutoka hapo wanaingia kwenye madaraja ya umeme, kwamba mtaa wa Band A, daraja la juu, unatakiwa upate saa 20 kwa siku na tangu Aprili 2024 ulilipishwa kama naira 225 kwa uniti kutoka zile sitini na kitu, mwenye Band A analalamika bili, asiye nayo analalamika giza, na wote wawili wanaonana wajinga. Jenereta ya mama nje inanguruma, na mafuta yake ndo mada inayofata. Mei 29, 2023 Rais Tinubu akiapishwa alisema ruzuku ya mafuta imekwisha, lita ikatoka chini ya 200 ikavuka 480 ndani ya siku chache, na pale Yaba hiyo tarehe inatajwa kama watu wengine wanavyotaja mwaka wa mafuriko.

Msidhani wote wanampinga rais, hapana, na hapo ndo raha. Kuna mzee mmoja mstaafu wa ukarani anamtetea kwa hoja, anasema ruzuku ilikuwa inaliwa na wenye meli za mafuta, kila rais alijua na wote waliogopa, huyu ndo kathubutu. Fundi simu anamjibu kuthubutu kwa tumbo la nani? Mzee anasema subirini. Fundi anasema nasubiri tangu urais wa Obasanjo. Meza nzima inacheka, mzee mwenyewe anacheka, anaongezewa maji.

Wimbo wa taifa uliporudishwa ule wa zamani, uliokuwa unaimbwa toka 1960 mpaka 1978, ilikuwa vichekesho vya mwaka, wanafunzi wa Yabatech, chuo cha hapo Yaba, hawaujui hata mstari, wazee wanauimba na mikono imejaa mchuzi wametoa kifua, na dada wa sahani anauliza ukiimbwa huu garri, unga wa muhogo, inashuka bei? Kuhusu kutunza kwa noti kwenye sherehe wana kesi nyingine, maana Aprili 2024 mtu maarufu wa mitandaoni alifungwa miezi 6 kwa kurusha naira, na hawa watu owambe, yaani sherehe zao kubwa, bila kurushia hela bendi si owambe. Hoja yao ilikuwa kwamba aliyeirusha naira kwa mkono kafungwa, walioiangusha kwa sera wanasindikizwa na ving'ora. Rais wa zamani Buhari alipofariki London Julai 2025 nilikuta meza imegawanyika, wengine wanasema marehemu hasemwi vibaya, wengine wanauliza tu kwa upole kwamba miaka minane ya urais imeshindwa kujenga hospitali hata moja ya kumtosha mwenyewe?

Lakini nisiwadanganye kwamba ni vicheko mwanzo mwisho, kama wageni wengi wanavoandika kwamba Wanaijeria wanageuza kila kitu utani. Kuna siku ilichafuka. Kulikuwa na jamaa wa Kiibo anauza spea za magari soko la Ladipo, na yule mzee karani ni Myoruba, wakafika kwenye uchaguzi wa 2023. Mtakumbuka Peter Obi, Mwiibo aliyegombea urais, alimpiga Tinubu Lagos kwake mwenyewe kwa kura zisizofika 10,000, halafu wiki tatu mbele ukaja wa ugavana, na kuna watu walizuiwa vituoni kwa sababu ya sura na majina yao, wakidhaniwa ni Waibo. Jamaa wa spea akasema mimi watoto wangu wamezaliwa hapa, nalipa kodi hapa, siku ya kura naambiwa nirudi kwetu. Mzee akamjibu, na mimi nikahamia kwenu Anambra mtanipa ugavana? Jamaa akasema sijaomba ugavana, nimeomba kupiga kura. Pakawa kimya cha kula. Mama kwa kawaida mabishano yakipanda anafungulia redio muziki wa fuji kwa sauti kubwa, ndo kipenga chake, akaifungulia, bahati mbaya aliyekuwa anaimba ni mwanamuziki anayejulikana wazi yuko upande wa rais, jamaa akasema hata redio inapiga kampeni. Wengine walicheka. Yeye hakucheka, alimaliza, akanawa, akalipa, na muda mrefu sikumwona. Amerudi siku hizi ila anakaa meza ya nje karibu na jenereta na kelele zote zile. Mzee huwa anamsalimia kwa sauti ya juu sana, anajibiwa kwa kichwa.

Mi naona mzee alikosea, na sikusema siku ile maana mi mgeni, kibali changu cha kuishi kinanitosha. Hoja ya kwamba hata kwenu hamtanipa ni kweli, nani atabisha, ila haijibu swali la mtu aliyefukuzwa kwenye mstari.

Na aliyewamaliza wote ni dada anayepokea hela, huwa haongei, wanawake wa pale wanachota na kuosha wakati wanaume wanaongoza nchi. Wamebishana wee kuhusu uchaguzi wa 2027, nani aungane na nani, kaskazini itampa nani, akawauliza nyinyi mliokaa hapa 2023 nani alipiga kura? Benchi lile lilikuwa na watu nane, walioinua mkono wawili, na mmoja wao alikuwa jamaa mwingine wa Ladipo. Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa milioni 93 na waliopiga kura kama 27 kwa mia, kwaiyo benchi letu lilikuwa sampuli safi kabisa. Kila mtu akaleta sababu yake, kadi haikutoka, kituo kiko Ibadan, alilipwa mshahara siku ile benki zikawa hazina noti za nauli, na hiyo ya mwisho kwa kweli ilikuwa na ukweli ndani yake. Dada akarudi kuhesabu hela.

Basi ukienda, nenda saa sita kamili kabla ya watu wa ofisini, saa saba na nusu shaki imeisha. Ijumaa baada ya sala kunajaa hakupitiki. Usivae shati jeupe. Ukiulizwa unamuunga mkono nani sema hujapata kadi, watacheka na watakuachia benchi. Jumapili hafungui, yuko kanisani mpaka jioni, na mumewe Mwislamu ndo anakuja kuwasha jenereta ili friji isiharibu nyama. Choo msiniulize.