Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kwa majivu ya mpunga, Ahero

Karakana ndogo ya kukamua alizeti hapa Ahero, katika kaunti ya Kisumu, sasa inawasafishia wateja mafuta kwa majivu ya makapi ya mpunga, ambayo vinu vya kukobolea huyarundika nje bila mwenyewe. Nilipeleka dumu la mafuta ghafi ya alizeti na dumu la mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki.

Kwa mafuta ghafi, sina lawama kubwa. Fundi huyapasha moto bila kuyachemsha, hutia majivu laini yaliyochekechwa, hukoroga kwa utulivu, kisha huyachuja kwa kitambaa kizito. Majivu hayo, yakiungua vizuri, kwa sehemu kubwa ni silika (madini kama ya mchanga) yenye vijitundu vinavyonasa rangi, ulimbo na baadhi ya asidi zinazoyafanya mafuta yawahi kutoa moshi. Yangu yaliingia yakiwa ya hudhurungi, yakatoka ya dhahabu, na sukuma wiki niliyoikaangia haikuacha ukakasi kooni. Yakiwekwa kwenye friji hupoteza uangavu, kwa kuwa nta ya alizeti hutolewa kwa kuyapoza na kuyachuja tena, hatua ambayo karakana haina. (Asijaribu mtu majivu ya kuni nyumbani: yana magadi mengi, na magadi hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni.)

Dumu la pili ndilo lililonikwaza. Mafuta yalitoka meupe, na mhudumu akaniambia kwamba "yamekuwa mapya", lakini yalipofika motoni yalitoa povu hadi ukingoni mwa karai na harufu ya samaki ikarudi. Kukaanga mara kwa mara huzalisha kemikali ambazo majivu hayaziondoi zote, ilhali rangi nyeusi, ambayo ndiyo humwonya mnunuzi, inakuwa imekwisha kufutwa. Kwa hiyo huduma hiyo ningeomba isitishwe, hasa kwa wachuuzi wa chakula.

Kijana anayechekecha majivu hana barakoa, na hilo si dogo, kwani makapi yakiungua kwa moto mkali kupita kiasi silika hugeuka fuwele, na vumbi lake hudhuru mapafu. Wala hapana kipimo cha asidi, ingawa kiwango cha kimataifa cha chakula, Codex, kwa mafuta yaliyosafishwa ni asidi isiyohitaji zaidi ya miligramu 0.6 za hidroksidi ya potasiamu kuizimua katika gramu moja ya mafuta. Kwa alizeti ya kula nyumbani nitarudi. Ya kuuza, ningedai kwanza cheti cha maabara.