Jedwali la kategoria za ndege katika zimamoto ya viwanja: tathmini ya mtumiaji

Kwa kuwa nimekaa zamu miaka kadhaa katika kituo cha zimamoto cha kiwanja cha ndege, naona nitoe tathmini ya kitendea kazi tunachokitegemea kabla hata ya mipira ya maji, nacho ni jedwali la kategoria 10 la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linalomwelekeza kiongozi wa zamu awe na magari mangapi, na maji na povu kiasi gani, kabla ndege haijatua.

Uzuri wake ni kwamba halibishaniwi. Halihesabu abiria, bali hupima urefu wa ndege kutoka pua hadi mkia, kisha upana wa kiwiliwili, na upana ukizidi kipimo cha kategoria iliyopatikana kwa urefu, ndege hupandishwa ngazi moja. Airbus A380 ina urefu wa mita 72.7, ambao ni wa kategoria ya 9, lakini kiwiliwili chake kina upana wa mita 7.14 wakati kikomo ni mita 7, na hizo sentimita 14 ndizo zinazoipeleka ya 10 na kupandisha maji yanayotakiwa, kwa povu la daraja B (mojawapo ya madaraja ya ubora wa povu), kutoka lita 24,300 hadi 32,300.

Huku kwetu tunazoea zaidi ATR 72, ambayo kwa mita zake 27.2 ni kategoria ya 5 na gari moja laitosha, na Boeing 787-8, ambayo ni ya 8 na hudai magari matatu yenye jumla ya lita 18,200, yatoke kwa kasi ya lita 7,200 kwa dakika. Piga hesabu: maji hayo yanakwisha kwa dakika mbili na nusu. Tena gari la kwanza hutakiwa liwe limefika na liko tayari kumwaga povu ndani ya dakika tatu tangu wito utolewe.

Usiku mmoja, katika kiwanja ambacho sitakitaja, pampu ya gari letu la tatu iligoma saa mbili kabla ya ndege kubwa kufika. Tukashuka hadi kategoria ya 7, mnara wa kuongozea ndege ukaarifiwa, notamu (tangazo rasmi kwa marubani) ikatolewa, na ndege ikacheleweshwa huko ilikotoka. Meneja alinung'unika sana, ila hakuwa na la kujibu mbele ya jedwali.

Nisichokipenda ni ruhusa ya kiwanja kushuka ngazi moja pale miruko na mituo ya ndege za kategoria ya juu zaidi kiwanjani hapo isipofika 700 katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi zaidi. Abiria wa ndege hiyo ya nadra hajui kwamba amepunguziwa povu.

Kasoro nyingine ni kwamba kategoria yenyewe haihesabu mashua za uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air, ambayo kwa urefu ni kategoria ya 4, ilianguka Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 wakafariki; wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kuwaokoa walionusurika. Kanuni za ICAO zinadai vifaa maalumu vya uokoaji kwa viwanja vilivyo karibu na maji, lakini sharti hilo liko nje ya jedwali, na mkaguzi anayesoma namba ya kategoria pekee hataliona.