Kikao cha kuhakiki picha nyeusi-nyeupe katikati ya jiji: je, shilingi 1,500 zinalipa?

Nairobi haina uhaba wa watu wa kusifu picha. Tuma picha nyeusi-nyeupe kwenye kundi lolote la wapiga picha na majibu yatakuja mbio: "imeweza", "kali sana", "moto". Anayekosekana ni mtu wa kuonyesha kwa kidole mahali weusi ulipofunga, yaani ulipozama mpaka hakuna kinachoonekana ndani yake, na kueleza kwa nini. Ndiyo kazi ya kikao hiki cha Jumamosi, kwenye studio ndogo ya ghorofani upande wa Moi Avenue. Ada ni shilingi 1,500 kwa saa mbili, washiriki hawazidi sita, na kila mmoja huja na picha nne zilizochapwa kwenye karatasi. Simu na laptopu haziruhusiwi mezani.

Sharti la karatasi hulalamikiwa sana, lakini lina msingi. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, kinapandisha na kushusha ung'avu kufuata mwanga wa chumba, na hali ya usiku ikiwa imewashwa kila kijivu kinaingia manjano. Watu sita wakitazama picha moja kwenye simu sita, wanajadili picha sita. Ile iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida nayo imeshabanwa: mawingu laini yanakatika mabaka-mabaka, na mpiga picha analaumiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Picha inabandikwa kwenye ubao wa kijivu, chini ya taa ya Kelvin 5000, yaani mwanga mweupe unaokaribia ule wa mchana. Watu wanaitazama kimya kwa dakika moja. Kisha kila mmoja anasema anachokiona, bado si anachokipenda: jicho linaingilia wapi, linakwama wapi, linatokea wapi. Mwenye picha hasemi neno, anaandika tu. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana ulimi unawasha kueleza kwamba mvua ilikuwa inanyesha au kwamba askari wa kaunti alikuwa anafukuza watu. Maelezo hayo hayamo kwenye karatasi, na atakayeitazama picha kesho hatayapata. Zamu yake ikifika anaruhusiwa maswali mawili. Utaratibu huu ni mzuri na usiguswe.

Alama kubwa kabisa kikao kinazipata kwenye ngozi nyeusi, jambo ambalo mafunzo mengi ya mtandaoni hulipita juujuu. Mita ya kamera hudhani kila ilichoelekezewa ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana, ukuta unaitawala mita, kamera inapunguza mwanga, na uso unazama. Uso huohuo ukijaza fremu pamoja na suti nyeusi, mita inakosea upande wa pili: kila kitu kinapauka na ngozi inaonekana kama imepakwa jivu.

Mhakiki hapa haishii kusema "uso umekuwa mweusi mno". Anatafuta ni hatua gani iliyoupoteza. Kama ni wakati wa kupiga, negativu (filamu iliyosafishwa, ambayo giza na mwanga vimegeuzwa) itakuwa wazi tupu pale kwenye shavu, au histogramu (grafu ya giza na mwanga wa picha) itakuwa imejibana upande wa kushoto kabisa. Hilo halina dawa. Picha irudiwe, mita ikisomwa karibu na uso wenyewe kisha mwanga upunguzwe kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja hupunguza mwanga hadi nusu) kulingana na weusi wa ngozi. Kama uso umepotea wakati wa kuondoa rangi, faili ya awali bado ina kila kitu: ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu nyingi kuliko bluu, kwa hiyo chaneli nyekundu (sehemu ya faili inayobeba mwanga mwekundu) huing'arisha, na ile ya bluu huitia giza na kuchomoza kila chunusi. Na kama faili ni nzima ila karatasi ndiyo iliyozama, mazungumzo yanahamia kwa mchapaji.

Mfano mmoja uliobandikwa ubaoni unaonyesha ubora wa maoni hayo. Mchunga ng'ombe amevaa shuka nyekundu, nyuma yake majani mabichi. Kwa rangi, viwili hivyo vinagombana vizuri. Kwa kijivu vimelingana, na mtu ameyeyukia kwenye nyasi, amebaki kichwa na fimbo. Mezani wakasema, "Ongeza kontrasti," yaani tofauti kati ya giza na mwanga. Mhakiki akakataa, na yuko sahihi: vijivu viwili vilivyo sawa vikiongezewa kontrasti vinasogea pamoja, havitengani. Kinachovitenganisha, wakati wa kuondoa rangi, ni kupandisha nyekundu na kushusha kijani pamoja na njano, kwa kuwa programu huhesabu sehemu kubwa ya majani kuwa njano. Mwenye filamu hana nafasi hiyo baadaye. Lazima aamue kabla ya kubonyeza, kwa kichujio mbele ya lenzi: chekundu hula stopu tatu hivi, cha njano moja. Tahadhari ya mwisho aliyotoa ilikuwa ya anga: ukishusha bluu kupita kiasi, mstari mweupe unajitokeza kuzunguka kichwa na chembechembe zinajaa.

Sasa dosari. Taa ni moja, imening'inia katikati, kwa hiyo pembe za picha zinaonekana nyeusi kuliko zilivyo, na karatasi ya kung'aa inarudisha mwako usoni mwa mtazamaji. Taa mbili, kila moja kwa nyuzi 45 kutoka ubavuni, zingemaliza tatizo. Isitoshe, vivuli hufunguka chini ya mwanga mkali. Picha iliyoonekana sawa pale inaweza kufunga kabisa ikitundikwa sebuleni, na hakuna anayezima taa ili itazamwe tena kwa mwanga wa kawaida wa chumba.

Muda nao hautoshi. Picha 24 kwa dakika 120 ni dakika tano kila moja, na za mwanzo hula kumi. Anayekaa mwisho wa meza anapunjwa. Picha tatu kwa kila mtu zingetosha.

Halafu kuna mapenzi ya mhakiki mwenyewe kwa weusi mzito. Kila sura ya mzee inayoletwa anataka ikolezwe, mikunjo ichomoze, mpaka uso unageuka gome la mti. Hapo tunapingana naye. Mzee aliyekubali kupigwa picha sokoni Gikomba anastahili kuonekana mtu kwanza, na vijivu vya katikati ndivyo vinavyobeba ulaini wa ngozi yake. Ushauri wa kukoleza uchukue, lakini nyumbani chapa nakala mbili zenye tofauti hiyo moja tu, uziweke ubavu kwa ubavu.

Ukiamua kwenda, jitayarishe kwenye duka la kuosha picha. Mwambie fundi azime marekebisho ya otomatiki ya mashine, la sivyo itakupandishia kontrasti bila kukuuliza. Karatasi ya rangi hupenda kuingiza ukijani au uzambarau kwenye kijivu, kwa hiyo omba nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote, uitazame nje kivulini. Kwa A4 faili iwe angalau pikseli 2480 kwa 3508. Acha pambizo nyeupe ya sentimita moja, ili weupe wa picha upimwe dhidi ya weupe wa karatasi. Anayechapa chumba cha giza kwa karatasi ya nyuzi (isiyopakwa plastiki) asilete picha mbichi, kwani ikikauka huzidi giza kidogo. Beba pia faili ghafi (RAW, kama ilivyotoka kwenye kamera) kwenye flashi, au negativu yenyewe, kwa sababu baada ya kikao mhakiki hukubali kuikagua kwenye kompyuta ya studio, na hakuna ada ya ziada.