Taarifa za uchambuzi za NECTA: zinafaa kumsaidia mtoto aliyefeli?

Matokeo yanapotoka, mzazi anapata herufi na mtoto anapata lawama. D ya Hisabati haisemi kama mtoto hajui sehemu, au anazijua ila hakuelewa swali, au muda ulimwishia. Asiyejua ni lipi kati ya hayo anaweza kulipia twisheni likizo nzima na mtoto akafundishwa asichokihitaji. Kwa kutafuta chanzo cha kosa, sijaona kinachoshinda Taarifa ya Uchambuzi wa Majibu ya Watahiniwa inayotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Inapatikana bure kwenye tovuti ya NECTA, upande wa machapisho, imepangwa kwa mtihani, mwaka na somo: darasa la nne (SFNA), la saba (PSLE), kidato cha pili (FTNA), cha nne (CSEE) na cha sita (ACSEE). Walimu wanaifahamu. Wazazi wengi hawajawahi kuisikia, na hapo ndipo hasara ilipo.

Taarifa inapita swali kwa swali. Kwanza inaeleza swali lilipima nini, kisha watahiniwa walifanyaje kwa asilimia, kisha kwa nini. Viwango vya kufaulu vimepakwa rangi: kijani ni vizuri, njano ni wastani, nyekundu ni hafifu. Mwishoni kuna jedwali la mada zote, na mzazi asiye na muda aanzie hapo, maana mada nyekundu zinaonekana mara moja.

Utamu wake hasa uko kwenye maswali ya kuchagua. Vitabu vingi vya mitihani iliyopita vinavyouzwa mitaani vinakupa herufi tu: swali la 7 ni C, basi. Taarifa inaeleza pia vipotoshi, yaani yale majibu mengine yaliyowekwa ili kumnasa asiyeelewa vizuri. Inaonyesha ni watahiniwa wangapi walivutwa na kila kipotoshi na walifikiri nini walipokichagua. Aliyechagua A aligawanya badala ya kuzidisha; aliyechagua D alisahau kubadili sentimita kuwa mita. Mtoto akilikuta kosa lake limeandikwa pale, tena na maelfu ya wenzake wamelifanya, ile aibu ya kujiona mjinga inapungua, na anakubali kulizungumzia. Kwenye maswali ya kuandika kuna vielelezo: picha za karatasi halisi za watahiniwa, kwa mwandiko wao, jibu zuri na jibu baya.

Sasa matumizi. Usimpe mtoto taarifa kwanza, kwa sababu akishaona majibu atasema alijua. Tafuta karatasi ya mtihani wa mwaka ule ule, mpe maswali kumi ya mada moja, muda wa dakika ishirini na tano, na umwambie aandike njia yote hata kwenye maswali ya kuchagua. Akimaliza, sahihisheni pamoja. Kwa kila alilokosa, muulize kabla ya kusoma maelezo: “Mwanangu, hapa ulifikiria nini?” Nyamaza asimulie. Baada ya hapo ndipo mfungue taarifa na mlinganishe.

Makosa yaingie kwenye daftari lake maalumu, la kurasa 48 linatosha, lenye safu nne: swali, nilichofanya, kwa nini nilikosea, njia sahihi. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na watoto huandika “sikuwa makini” ili waiepuke. Usiikubali. Aandike jambo linaloonekana: nilijumlisha kabla ya kugawanya, sikusoma neno “isipokuwa”, niliruka swali la 12 na kivuli cha 13 nikakiweka kwenye mstari wa 12. Kosa la mwisho linaumiza sana kwenye fomu za OMR za darasa la saba, yaani zile za kusiliba jibu kwa penseli zinazosahihishwa na mashine, kwani likianza haliachi swali la mbele. Mtoto afundishwe kulinganisha namba ya swali na namba ya mstari kila baada ya maswali matano.

Tuchukue hesabu moja: 15 − 6 + 4. Mtoto anapata 5, jibu ni 13. Ukimwambia tu kakosea, atarudia kesho. Mwache asimulie, utasikia kwamba anatumia MAGAZIJUTO kama alivyokaririshwa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kwa kuwa JU imetangulia TO, anajumlisha 6 na 4 kwanza, anapata 10, anatoa kwenye 15. Amefuata kanuni kwa utii kabisa, ila hakuambiwa kwamba kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Dawa ni hesabu sita za aina hiyo siku hiyo hiyo, mbili baada ya siku mbili, na mbili baada ya wiki. Akizipata zote, kosa linafungwa kwa mstari kwenye daftari, na mstari auchore mwenyewe.

Taarifa ina udhaifu, na mwingine ni mkubwa. Imeandikwa kwa ajili ya walimu na watunga sera, hivyo mtoto wa darasa la nne hawezi kuisoma peke yake. Za PSLE ni za Kiswahili isipokuwa somo la Kiingereza, lakini za CSEE karibu zote ni za Kiingereza, na mzazi asiyekimudu atahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Hutoka baada ya matokeo, wakati familia nyingi zimeshaacha kuuzungumzia mtihani. Vielelezo vilivyopigwa picha hafifu havisomeki kwenye simu ndogo. Chapisha kurasa za mada nyekundu tu kwenye duka la steshenari, si faili zima.

Kinachokera zaidi ni sentensi zinazojirudia. “Hawakuelewa matakwa ya swali.” “Hawakuwa na maarifa ya kutosha kuhusu mada.” Maelezo ya namna hiyo hayamwambii mzazi afanye nini Jumatatu. Ukikutana nayo, ruka hadi kwenye vielelezo na vipotoshi. Na kumbuka taarifa inazungumzia nchi nzima: karatasi ya mwanao haimo. Makosa yake yako kwenye mitihani ya muhula iliyosahihishwa na mwalimu wake, kwa hiyo omba shule irudishe karatasi hizo, usiishie kwenye ripoti ya maendeleo. Shule inayorudisha alama bila karatasi inamnyima mtoto nusu ya somo.

Kuna pia namna ya kuiharibu. Mzazi akiitumia kama ushahidi wa mashtaka, akisoma kwa sauti ya ukali “angalia wenzako wamepata hili”, mtoto ataanza kuficha karatasi na daftari litajaa majibu ya kunakili. Fimbo ndiyo kabisa: aliyechapwa kwa kosa hataki kulitazama tena, na kulitazama ndiyo kazi yenyewe. Kikao kisizidi dakika arobaini, makosa manne au matano yanatosha, na swali moja aliloliweza liwekwe mwanzoni.

Kwa darasa la saba na kidato cha nne naipa nyota nne kati ya tano. Kwa darasa la nne tatu, maana mzazi ndiye atakayebeba kazi yote. Anayerudia kidato cha pili baada ya FTNA, na mtahiniwa wa kujitegemea anayerudi kufanya CSEE, waanze nayo kabla ya kulipia kituo chochote. Pakua miaka mitatu ya karibuni ya somo moja na uzitazame mada zinazorudi nyekundu kila mwaka. Kabla ya kwenda nyuma zaidi, linganisha na muhtasari anaoutumia mtoto, kwa sababu mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na baadhi ya mada za zamani huenda hatazikuta darasani.